Mama aliyepindana na sindano za kila siku

Ninawasalimu ninyi wote wa Songo, wa Mulongwe, wa Kavimvira, wa Kasenga na Kalundu, na ninyi mnaotusikiliza kule Makobola na katika uwanda wa Ruzizi. Mwenye Biblia afungue Luka 13, mstari wa 10 hadi 17. Mama aliye jikoni asiache chungu kiungue, asikilize tu.

Habari yenyewe mnaijua. Yesu anafundisha katika sinagogi siku ya Sabato. Mwanamke anaingia, mgongo wake umepindana miaka 18, hawezi kuinuka kutazama uso wa mtu. Yesu anamwita, anaweka mikono juu yake, naye anasimama wima papo hapo. Mkuu wa sinagogi anakasirika. Anaambia watu kwamba kuna siku sita za kuja kuponywa, wasije Sabato. Yesu anamjibu kwa habari ya ng'ombe na punda wanaofunguliwa zizini wakanywe maji.

Katika Injili zote nne, ni Luka peke yake anayetusimulia jambo hili. Na Luka alikuwa tabibu, Paulo anasema hivyo katika Wakolosai 4:14. Nafikiri tabibu huona mgongo wa mtu kabla ya kuona nguo yake.

Nimehubiri somo hili mara nyingi, na kila mara nilijiweka upande wa Yesu. Nilikuwa mimi mwenye kuweka mikono. Leo nitawaambia kwa nini sijiweki tena hapo.

Katika kanisa letu kuna mama mzee, amepita miaka 70. Amenipa ruhusa niseme habari yake, ila jina nisilitaje. Majirani watamtambua. Ninawaomba msiende kumjalia mlangoni. Mama huyu aliuza ndagala maisha yake yote, beseni kichwani, toka ufukoni hadi sokoni. Mwaka mmoja aliinua bidoni ya maji ya lita 20 akasikia kitu kimelia mgongoni kama kijiti kikavu. Miezi michache baadaye alikohoa tu, kikalia tena. Kimo chake kikapungua, mgongo ukapinda, kitenge kikawa kinaburuta chini mbele. Watoto wa avenyu wakaanza kusema maneno. Ninyi mnajua maneno ambayo mama mzee mwenye kibyongo anasemwa hapa kwetu. Wengine wamefukuzwa nyumbani kwa sababu hiyo, wengine wameuawa. Biblia inasema yule mwanamke wa Luka 13 alikuwa na pepo wa udhaifu, na mimi sibadilishi Biblia. Lakini haisemi kila mgongo uliopinda una pepo, na hakuna mahali inaposema una uchawi.

Mtoto wake wa kiume anakaa Nairobi. Akamchukua, akampeleka kwa daktari wa mifupa. Wakampiga picha, wakapima uzito wa mfupa kwa mashine. Pingili mbili za mgongo zilikuwa zimebonyea kama kopo lililokanyagwa. Ugonjwa huo unaitwa ostioporosi, nao wake ulikuwa mkali.

Nieleze kama nilivyoelezwa. Mfupa si jiwe, ni kitu hai. Ndani yake kuna mafundi wa aina mbili: wengine wanabomoa mfupa wa zamani, wengine wanajenga mpya mahali pake. Ujanani wanakwenda pamoja. Mwanamke akifika karibu miaka 50, siku zake za mwezi zikikoma, wale wa kubomoa wanawazidi wale wa kujenga. Nje huoni kitu. Ni kama mti wa nyumba ya udongo ulioliwa na mchwa: ukuta umepakwa vizuri, mti ndani ni mtupu, siku moja mtu anaegemea.

Dawa nyingi za ugonjwa huu zinawafunga mikono wabomoaji. Kuna kidonge cha alendronati, mara nyingi kinamezwa mara moja kwa wiki. Kuna asidi zoledroniki, inayoingizwa kwa seramu mara moja kwa mwaka. Lakini kwa mtu aliyekwisha kuvunjika mara mbili, daktari alitaka dawa inayoamsha wajenzi. Hiyo inaitwa teriparatidi. Ni sindano ndogo ya chini ya ngozi, tumboni au pajani, mikrogramu 20, kila siku. Si wiki mbili. Ni kila siku mpaka miaka 2, na ikiisha lazima ifuatwe na moja ya zile dawa za kufunga mikono wabomoaji, kwa sababu mfupa uliojengwa bila kulindwa unabomolewa tena. Someni Nehemia sura ya 4, muone watu waliojenga kwa mkono mmoja na kushika silaha kwa mkono mwingine.

Dawa hiyo ni ghali sana. Mtoto wake aliuza kiwanja. Tena inataka ubaridi, nyuzi 2 hadi 8, na bomba moja lenye umbo la kalamu linatumika siku 28 kisha linatupwa hata kama kumebaki kitu ndani. Hapa Songo umeme mnaujua. Mama alirudi na kalamu zake katika sanduku la barafu, na ndugu mmoja mwenye butike akampa nafasi katika frigo yake, katikati ya chupa za Fanta. Kila jioni mjukuu alikwenda kuchukua, akamdunga bibi yake, akarudisha. Siku moja mtu mwenye huruma aliona frigo haina baridi ya kutosha, akahamisha kalamu mbili kwenye sanduku la kugandisha samaki. Zikaganda. Dawa hiyo ikiganda imekufa, haiyeyushwi ikatumika. Mama alilia siku ile kuliko siku aliyovunjika.

Siku za kwanza alikuwa anapata kizunguzungu akisimama baada ya sindano, basi wakawa wanamdunga akiwa ameketi kitandani. Miguu ilimkaza usiku. Ndagala, alizokuwa anauza na kulisha wageni, akaambiwa azile mwenyewe, nzima pamoja na mifupa yake midogo, kwa sababu mfupa haujengwi bila chokaa. Asubuhi akakaa juani. Na kwa miezi mingi hakusikia tofauti yoyote. Hilo ndilo gumu la dawa hii, wapendwa. Ukimeza kidonge cha kichwa, saa moja unajua. Mfupa unajengwa kimya, hakuna anayeusikia.

Mwezi wa tisa tulikuwa na siku tatu za kufunga na kuomba. Jioni ya mwisho niliuliza nani ameguswa. Mama akaja mbele. Akasema maumivu ya mgongo yamepungua sana, na kweli alijinyoosha kidogo, sote tuliona. Kanisa likalipuka. Nami, badala ya kumshukuru Mungu na kumwacha aketi, nilimwuliza ana nini mkononi. Alikuwa na kalamu yake ndani ya kitambaa, alitaka kuirudisha butike. Nikaichukua, nikaiinua juu, nikasema, leo hii imekwisha kazi. Vigelegele. Mtu akasema niivunje. Nikaivunja.

Hakuna aliyenituma. Nilisoma chuo cha Biblia miaka mitatu, na hakuna mwalimu aliyenifundisha kufanya hivyo. Nilitaka ushuhuda uwe na mwisho mzuri.

Mama aliacha sindano, na ile dawa ya kuilinda hakuianza. Mwaka haujaisha, aliteleza nyuma ya nyumba asubuhi ya mvua, nyonga ikavunjika. Tulimlaza juu ya godoro ndani ya gari tukapita Sange, Luvungi, Kamanyola, tukapanda Ngomo kwenda Bukavu. Anayeijua barabara ile anajua kila shimo lilikuwa nini kwake. Mimi nilikuwa nimeketi karibu na kichwa chake. Njiani hakusema kitu, alikuwa anaimba kwa pumzi tu.

Baada ya kumpasua nilimwuliza daktari kama ni mimi niliyemvunja. Alinijibu kwa haki. Alisema hawezi kuapa kwamba angeendelea na dawa asingevunjika, maana mtu akianguka vibaya anaweza kuvunjika hata akiwa na dawa. Lakini akasema miezi tisa ya kujenga iliachwa bila mlinzi, na hiyo ni hasara inayojulikana. Kisha akaniuliza, «Pasta, wewe ulipima mfupa?»

Nikaenda kitandani nikapiga magoti. Nikasema, «Mama, unisamehe.» Akanishika kichwa kama mtoto. Akasema, «Pasta, mwanangu, sikusema uongo siku ile. Maumivu yalikuwa yamepungua kweli. Lakini uliniuliza habari ya maumivu, hukuniuliza habari ya mifupa. Na ulipoivunja kalamu, nilijua bado kuna siku kumi na moja ndani yake.» Nikamwuliza kwa nini hakusema. Akasema, «Mbele ya kanisa lote? Wangesema sina imani.»

Tangu siku hiyo, nikisoma Luka 13, ninajikuta kwa mkuu wa sinagogi. Yeye alikuwa na siku zake ambazo mtu anaruhusiwa kuponywa. Mimi pia nilikuwa na yangu: ilikuwa ni jioni ya siku ya tatu, mbele ya kipaza sauti. Mungu alikuwa anamponya mama yule kila jioni saa kumi na mbili kwa mkono wa mjukuu wa miaka 15, kati ya chupa za Fanta, nami nikaisimamisha kazi hiyo kwa sababu haikufanana na uponyaji ninaoujua.

Mtu ataniambia, Pasta, umepoa. Sijapoa. Ninaamini Yesu anaponya papo hapo, na nimeona. Lakini someni 2 Wafalme 20. Hezekia ameomba, ameahidiwa na nabii miaka 15 zaidi, na baada ya ahadi hiyo Isaya yule yule anaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Ahadi haikufukuza dawa. Paulo aliyefufua mtu alimwacha Trofimo mgonjwa kule Mileto, 2 Timotheo 4:20, na hatusikii kwamba alimgombeza kwa kukosa imani. Na wazazi wetu wa Kipentekoste katika Kivu hii walijenga hospitali: Lemera pale juu, na Panzi ya Bukavu iliyoanzishwa mwaka 1999. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Nobel mwaka 2018, ni mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Baba zetu hawakujenga nyumba hizo ili sisi tuvunje dawa zake madhabahuni.

Sasa mambo ya nyumbani. Wengi wenu hamtaiona teriparatidi kwa sababu ya bei, na sitaki mtu auze shamba baada ya kusikia radio. Mwenye kidonge cha alendronati akimeze asubuhi kabla ya kula, kwa kopo zima la maji matupu, si chai, si maziwa, kisha asilale kwa nusu saa, maana kinachoma koo. Mwenye kufunga bila maji achague siku nyingine ya kidonge. Usikimeze kwa mate ukadhani ni kiroho.

Na ninyi mabinti mnaonunua vidonge vya kunenepa kabla ya arusi, na ninyi wazee mnaonunua unga wa magoti kwa muuzaji asiyejulikana: mara nyingi ndani yake kuna deksametazoni au ndugu yake predinisoloni. Ni dawa nzuri mikononi mwa daktari. Ikitumiwa muda mrefu inakula mfupa, hata wa kijana. Lakini aliyekwisha kuitumia kwa muda asiiache ghafula, hiyo nayo ni hatari, aende hospitali wampunguzie polepole.

Mama wetu anatembea sasa kwa fimbo mbili. Mtoto wake hakuweza tena kununua zile sindano, basi amewekewa seramu ya asidi zoledroniki, baada ya kupimwa figo. Siku mbili alitetemeka kwa homa, nyumba nzima ikadhani ni malaria, kumbe ni dawa yenyewe, na haikurudi. Ya pili ni mwakani. Tumefungua sanduku dogo kanisani kwa ajili ya hiyo, na mimi ndiye niliyeweka wa kwanza.

Jumapili ijayo atakuja, tutamletea kiti chenye mkono. Ameomba atoe ushuhuda wake mwenyewe, na amesema nisishike kipaza sauti. Na wewe uliyeacha dawa ya kisukari, ya presha, ya kifafa au ya mifupa kwa sababu mimi au mtumishi mwingine alikuambia imekwisha, usingoje Jumapili. Njoo nyumbani kwangu kesho baada ya saa nane na karatasi yako ya daktari. Tutaomba, kisha tutakwenda hospitali pamoja, nami nitamweleza daktari nani alikuambia uache.