Namba za Beringi: Tarakimu Moja Yaweza Kusimamisha Mashine

Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Songea



Mashine ya kusaga ya chama ikisimama wakati wa mavuno, hasara yake haiishii katika daftari la mapato. Mama aliyezoea kusaga karibu hulazimika kujitwika debe lake hadi kijiji cha jirani, na mteja aliyekwisha kuhamia kwingine si rahisi kumrudisha. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni mwendo unaokaribia kilometa elfu moja. Kipuri kilichoagizwa kimakosa hula nauli mara mbili. Kwa hiyo kunakili namba ya kipuri kwa usahihi ni wajibu wa katibu, sawa na kusoma mizani kwa haki.

Mfano ulio karibu ni beringi. Beringi namba 6205 na namba 6305 zote zina tundu la milimita 25, na zote huingia katika shafti moja. Lakini ya kwanza ina kipenyo cha nje cha milimita 52 na unene wa 15. Ya pili ina 62 na 17. Anayepima tundu peke yake atadanganyika. Namba 6206 nayo ina kipenyo cha nje cha milimita 62 kama 6305, ila tundu lake ni 30. Anayepima nje peke yake naye atadanganyika.

Namba hizi zina maana. Katika beringi za namna hii, tarakimu mbili za mwisho, kuanzia 04, zikizidishwa kwa 5 hutoa tundu kwa milimita: 05 ni 25, na 06 ni 30. Tarakimu ya pili huonyesha ukubwa wa umbo: 3 ni nzito kuliko 2.

Herufi zinazofuata si mapambo. ZZ ni vifuniko vya bati pande zote mbili. 2RS ni vizibo vya mpira, ambavyo huzuia vumbi la unga vizuri zaidi. C3 maana yake nafasi iliyomo ndani, kati ya gololi na njia zake, ni kubwa kuliko ya kawaida. Watengenezaji nao hutofautiana: mmoja huandika ZZ, mwingine 2Z, na maana ni ileile.

Mtego mkubwa zaidi umo katika kistari. UC205 ina tundu la milimita 25. UC205-16 ina tundu la inchi moja, yaani milimita 25.4. Kwa macho hazitofautiani. Ya milimita haitaingia katika shafti ya inchi. Ya inchi itaingia kwa urahisi katika shafti ya milimita 25, fundi atakaza skrubu, na mashine itanguruma. Lakini beringi itacheza, na mwishowe shafti yenyewe italika. Hapo chama kitanunua vipuri viwili badala ya kimoja.

Utaratibu unaofaa ni huu:

1. Beringi iliyotolewa isafishwe, na namba isomwe juu ya chuma chenyewe, si kwenye boksi wala kwa kukumbuka.

2. Fundi apime tundu, kipenyo cha nje, unene, na shafti. Vipimo visipokubaliana na namba, au namba ikiwa imefutika, kitabu cha mashine kitazamwe kabla ya kuagiza.

3. Katibu anakili kila tarakimu, herufi na kistari katika hati ya kuagiza na katika daftari la mashine, pamoja na tarehe.

4. Kipuri kipya kilinganishwe na hati kabla ya kupokelewa, na cha zamani kisitupwe mpaka mashine imefanya kazi.

Kazi hii haihitaji elimu ya uhandisi. Yahitaji kalamu, kipimo na uangalifu. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mashine ni mali ya wanachama wote, na namba zake zistahili kuandikwa kama zinavyoandikwa fedha zao.