Wageni na Vita vya Jirani Zetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Kianjai)



Isiolo si mbali na hapa. Basi vita vya mashifta vya 1963 hadi 1967 ni habari ya majirani zetu, na yafaa tujifunze jinsi dola za nje zilivyovipima vibaya.

Mwaka 1962 Waingereza walituma tume kuwauliza watu wa kaskazini. Tume ilisikia kwamba Wasomali karibu wote wataka kujiunga na Somalia. Machi 1963 Serikali ya Uingereza ikaamua nchi ile ibaki Kenya. Viongozi wetu walikuwa na sababu za kukataa Kenya isikatwe. Lakini kumwuliza mtu shauri lake, kisha kuliweka kabatini, ni jambo ambalo kila mfanyakazi alijua. Somalia ikavunja ubalozi na Uingereza. Juni akauawa Daudi Dabasso Wabera, D.C. wa Isiolo. Desemba Waingereza wakashusha bendera yao, na vita vikabaki kwetu.

Warusi nao walikosea. Waliipa Somalia silaha miaka mingi. Baada ya mapinduzi ya Ethiopia ya 1974, walidhani nchi mbili zinazosema ujamaa haziwezi kupigana. Machi 1977 Fidel Castro aliwakutanisha Mengistu na Siad Barre mjini Aden, akawashauri waungane. Barre alikataa. Julai jeshi lake likaingia Ogaden. Novemba akawafukuza Warusi. Machi 1978 jeshi lile likatoka, limeshindwa na Waethiopia wenye silaha za Kirusi na askari wa Kuba.

Kosa lilikuwa moja. Wakubwa waliuliza: "Huyu ni wetu au ni wao?" Hawakuuliza mpaka wa mkoloni umepita wapi, wala kisima cha mfugaji kimebaki upande gani.

Vita vyetu vilitulizwa Arusha, Oktoba 1967, mbele ya Rais Kaunda wa Zambia, Mwafrika mwenzetu.

Lakini tusijisifu. Sheria ya hatari ilikaa kaskazini mpaka 1991, miaka mingi baada ya bunduki za mashifta kunyamaza. Kwa mtu wa Garissa au Wajir, sisi wa kusini pia tulikuwa wageni wenye amri.

Kwa hiyo, ndugu, tukisikia habari za vita, tusipokee maneno ya wakubwa peke yake. Tumwulize kwanza anayekaa pale, na akijibu, tumsikilize.

Umoja ni nguvu.