Dawa za Mikorosho na Watoto Nyumbani

Ndugu Makatibu na Wanachama wa Nachingwea na Ruangwa,

Mikorosho inapochanua wakati wa kiangazi, ubwiriunga huingia shambani, na salfa huingia majumbani. Vumbi lake huwasha macho na kubana kifua. Mtoto mchanga huumia upesi kuliko mamaye. Haifai, basi, abebwe mgongoni panapopulizwa dawa, wala mifuko ipangwe chini ya kitanda anacholalia.

Hatari iliyo kubwa zaidi ni dawa za maji za kuua mbu wa mikorosho. Mara nyingi mgawo mdogo humiminwa katika chupa ya soda, nayo chupa huwekwa kando ya mtungi. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma; soda aijua. Hapa Katibu ana uwezo kuliko tabibu: akikataa kupima dawa ndani ya chupa za vinywaji, ameizuia ajali ghalani. Kopo tupu nalo litobolewe, lisigeuzwe chombo cha maji. Mtoto aliyekunywa dawa asitapishwe, wala safari isicheleweshwe kwa kutafuta maziwa; akimbizwe zahanati pamoja na kopo lenyewe, ili jina la dawa lisomwe.

Kuhusu vijana, mvulana wa miaka 15 hujiona mtu mzima akibeba mashine ya kupulizia, na wazazi wengi humsifu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumpa kazi ya hatari aliye chini ya miaka 18. Kuokota korosho baada ya saa za shule ni jambo jingine kabisa.