Ukiumia Mpakani, Una Haki

Msikilizaji wa Busia na Malaba, leo nazungumza na wewe unayebeba magunia ya mahindi na saruji mgongoni, na wewe utingo unayelala chini ya lori kwenye foleni ya kuvukia Uganda. Usikubali kuambiwa kwamba kibarua hana haki kwa sababu hakuandikiwa barua. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inatambua hata mkataba wa mdomo.

Gunia likikuangukia, mjulishe mwajiri mara moja, na majina ya walioshuhudia uyaweke. Yeye ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini; mtu akifariki, ni saa 24. Gharama za matibabu ni za mwajiri. Dai lako la fidia liwasilishe kabla miezi 12 haijaisha, na lianzie kwa Mkurugenzi, si mahakamani. Mahakama ya Juu ilithibitisha utaratibu huo Desemba 2019.

Ulemavu kamili wa kudumu hulipwa mapato ya miezi 96. Miaka minane! Basi tafadhali, usitie kidole kwenye karatasi ya kusema yameisha kwa sababu umepewa elfu mbili za dawa.

Na shehena ikiwa imeinama, inataka kuporomoka? Ondoka, umwambie nyapara. Sheria ya Usalama na Afya Kazini inamkataza mwajiri kukurudisha pale kabla hajaondoa hatari hiyo.