Mbio Ambazo Hakuzikimbia

Dominika ya 20 ya Mwaka C
Masomo: Yer 38:4-6, 8-10, Ebr 12:1-4, Lk 12:49-53



Somo la pili la Dominika ya leo linatuweka uwanjani. Mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anatuonyesha wingu kubwa la mashahidi wanaotuzunguka, kisha anatuhimiza tuweke kando kila mzigo na kukimbia kwa saburi, macho yetu yakimtazama Yesu. Sisi mapadre na makatekista tunayapenda sana maneno hayo. Lakini hapa Chanika dada mmoja aliniuliza swali lililoyafanya yawe mazito kinywani mwangu.

Dada huyo ni kifungua mimba katika familia ya watoto sita. Baba yao alipofariki dunia, yeye alikuwa kidato cha pili. Akaacha shule, akakaa jikoni alfajiri kukaanga vitumbua vya kuuza, na kwa fedha hiyo akawasomesha wadogo zake. Leo mmoja ni mwalimu, mwingine ni muuguzi. Siku tuliyolisoma somo hili katika jumuiya ndogondogo, alinisubiri nje akasema: “Padre, wapo walioshindwa mbio. Mimi sikukimbia kabisa. Mungu atanihesabia nini?” Nilimjibu upesi kwamba Mungu huona yote. Akashukuru kwa adabu, akaenda zake. Nami nilijua moyoni kwamba sikumjibu.

Leo napenda kujaribu tena, na nitaanzia kwa mwanariadha wetu, Filbert Bayi.

Bayi alizaliwa mwaka 1953 huko Karatu. Mwaka 1973, katika Michezo ya Afrika mjini Lagos, alimshinda Mkenya mashuhuri Kipchoge Keino katika mbio za mita 1,500. Tarehe 2 Februari 1974, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, kijana huyu wa miaka 20 alitangulia tangu mwanzo wa mbio hizo hizo, na hakuna aliyempita hadi mwisho. Alitumia dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Nyuma yake alikuwa mwenyeji, John Walker. Mwezi Mei 1975, mjini Kingston, Jamaika, Bayi akavunja pia rekodi ya dunia ya maili moja. Haikupita miezi mitatu, Walker akaivunja rekodi hiyo. Dunia nzima ikaanza kungojea mwaka 1976, wawili hawa wakutane kwenye Olimpiki ya Montreal.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi iliyotawaliwa na ubaguzi wa rangi, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikataa kuiondoa New Zealand michezoni. Nchi zaidi ya 20, nyingi zikiwa za Afrika, Tanzania ikiwemo, zikasusia. Walker alikimbia, akapata medali ya dhahabu. Bayi alikuwa na miaka 23, umri ambao mwanariadha hapewi mara mbili.

Wapendwa, tusiharakishe kusema kwamba ilikuwa sawa tu. Uamuzi ulikuwa wa haki, na gharama yake ilikuwa ya kweli. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa pamoja. Katika somo la kwanza nabii Yeremia anashushwa kisimani kwa sababu amesema ukweli, naye anazama katika matope. Ukweli wake haukuyafanya matope yawe makavu. Na Injili ya leo haitufichi neno: Bwana anasema kwamba ujio wake unaleta mafarakano hata ndani ya nyumba moja. Wema una gharama, na mara nyingi anayeilipa hakuulizwa kwanza.

Je, gharama hiyo ilipotea bure? Mwaka 1992, mjini Barcelona, Afrika Kusini ilirudi katika Olimpiki baada ya miaka zaidi ya 30, utawala wa ubaguzi ukiwa unaporomoka. Katika mbio za mita 10,000 za wanawake, Derartu Tulu wa Ethiopia alikuwa wa kwanza, na Elana Meyer, mzungu wa Afrika Kusini, akawa wa pili. Baada ya mbio wakashikana mikono, wakauzunguka uwanja pamoja. Mzunguko ule ulikuwa na deni kwa watu wengi, na miongoni mwao ni wale waliobaki nyumbani mwaka 1976.

Naye Bayi hakukaa chini kulilia Montreal. Mwaka 1980, mjini Moscow, aliingia katika mbio za mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Akatangulia tena kama ilivyokuwa desturi yake, hadi Bronisław Malinowski wa Poland alipompita katika mzunguko wa mwisho. Bayi akapata medali ya fedha. Katika michezo hiyo Suleiman Nyambui naye alipata fedha katika mita 5,000, na hadi Michezo ya Paris ya mwaka 2024 nchi yetu haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Malinowski, mwenye dhahabu, alifariki katika ajali ya gari mwaka uliofuata. Taji za dunia hii, Mtume Paulo anatukumbusha, huharibika. Baadaye Bayi na mkewe walianzisha shule, na watoto wa watu wengine wanasoma humo.

Sasa namrudia dada yangu wa vitumbua. Dada, ulikimbia. Ulikimbia kila alfajiri, bila saa ya kupima na bila mtu wa kupiga makofi. Yesu mwenyewe, asema mwandishi wa Waebrania, aliuvumilia msalaba kwa ajili ya furaha iliyowekwa mbele yake, na furaha hiyo ni sisi. Yeye anayajua mashindano ya namna yako.

Lakini jibu langu lingekuwa nusu kama ningeishia hapo, kwa maana maneno matamu hayamtoi mtu kisimani. Yeremia alitolewa na Ebed-Meleki, Mkushi, mtu wa Afrika yetu, ambaye hakumwombea tu kwa mfalme. Ukiendelea kusoma sura hiyo, utaona alitafuta matambaa makuukuu, akamshushia nabii ayaweke kwapani ili kamba zisimchubue. Huo ndio upendo unaofikiri.

Kwa hiyo nawaambia ninyi mliosoma: ni nani alibaki nyumbani ili ninyi mkimbie? Dada, kaka, mama mdogo, babu aliyeuza shamba? Wiki hii mwendeeni. Msimpelekee kanga ya sikukuu pekee. Muulizeni alitaka kuwa nani, kisha mtulie mkamsikilize. Huenda bado anatamani kurudi darasani katika elimu ya watu wazima. Basi na wadogo zake wachangie ada, nao wakakae kwenye moto wa vitumbua wakati yeye anasoma. Na kama anataka kupumzika tu, mpeni mapumziko hayo kwa heshima, kama deni linalolipwa.

Na wewe uliyebaki nyumbani, usione haya kusema kwamba iliuma. Mweleze Bwana hivyo hivyo leo, mbele ya Ekaristi. Yeye hamwiti mshindi yule tu aliyefika wa kwanza.

Tumsifu Yesu Kristo.