DARAJA LIGEUKALO LA MTO HACKENSACK

Leo twapenda kuwaeleza habari za daraja la reli liitwalo Portal, lililojengwa juu ya mto Hackensack, jimbo la New Jersey, Marekani, karibu na mji wa New York.

Lilifunguliwa mwaka 1910. Lilikuwa futi 23 tu juu ya maji, na chombo kirefu hakikuweza kupita chini yake. Kwa hiyo mafundi waliiweka sehemu ya katikati juu ya nguzo moja kubwa mtoni, izunguke kama jiwe la kusagia juu ya jiwe mwenziwe. Kilipokuja chombo, ncha za reli ziliinuliwa, daraja likageuka, na magari ya reli yakasimama pande zote mbili. Aliyengoja kivukoni anajua uchungu wake. Lakini hapo walingoja maelfu.

Basi, kurudi ndiko kugumu kuliko kufunguka. Reli sharti zikutane sawasawa kabisa, na chuma cha miaka mia hakitii kama kilivyotii kikiwa kipya. Mara nyingine daraja lilikataa kufunga, mafundi wakashika nyundo kubwa, wakazigonga reli mpaka zikaingia. Tarehe 23 Novemba 1996 reli haikulala mahali pake. Gari la abiria likatoka njiani, likakwaruzana na jingine lililokuwa likija. Watu waliumia, ila hakufa mtu. Na njia hiyo ndiyo iungayo Washington, New York na Boston. Daraja lilipokwama, safari zote zilivurugika.

Huenda mtauliza, mbona wasilitengeneze tu? Walilitengeneza mara nyingi. Lakini maadamu lilikuwa la chini, halikuwa na budi kufunguka, na maadamu lilifunguka, lingekwama. Kwa hiyo ilikatwa shauri lijengwe jingine, futi 50 juu ya maji, lisilofunguka kabisa. Mkataba wake ulizidi dola milioni 1,500. Fedha nyingi mno, lakini sisi twaona walifanya vema.

Kazi ilianza mwaka 2022, kando ya daraja la zamani, magari yasikatizwe safari. Matao yake makubwa matatu ya chuma yaliundwa mbali, katika jimbo la New York, yakapakiwa katika matishari, yakaletwa kwa njia ya mto Hudson.