Sanamu za Katikati ya Nairobi, na Majina Yasiyoandikwa

(Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu wa shule na wazee wa mitaa. Tumeyapiga chapa kwa faida ya wasomaji wa mjini na wa mashambani.)



Nimeombwa kusema nanyi habari za sanamu zilizosimamishwa katikati ya mji wa Nairobi. Wengi wenu mwazipita kila siku mwendapo kazini. Nanyi mkaao mashambani mwazijua pia, kwa kuwa mgeni akija mjini huambiwa, "Tukutane pale kwa Kimathi," au, "Nakungoja kwa Mboya." Zimekuwa alama za njia. Hilo si baya, lakini hazikuwekwa kwa kusudi hilo. Kila sanamu iliwekwa na mtu fulani ili wapita njia wamkumbuke mtu fulani. Nawe ukitaka kujua mji ni wa nani, tazama ni nani aliyeinuliwa juu ya jiwe, na ni nani aliyeteremshwa.

Nairobi ilianza mwaka 1899, reli ilipofika kutoka pwani. Mwaka 1906 Bwana Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanya biashara Mhindi, aliutolea mji bustani pamoja na sanamu ya Malkia Victoria, na mwana wa Malkia huyo, Duke of Connaught, akaja kuifunua. Mwaka 1939 ikawekwa sanamu ya Lord Delamere, kiongozi wa walowezi, katika barabara kubwa iliyoitwa kwa jina lake. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 mambo yakageuka. Delamere alipelekwa Soysambu, shamba la jamaa zake katika Bonde la Ufa, na barabara ikapewa jina la Kenyatta. Malkia alibaki bustanini mwake miaka mingi, mpaka mwaka 2015 alipokutwa ameangushwa na kuvunjwa. Kumvunja usiku kwa siri si kazi ya kusifiwa. Lakini kwamba wakubwa wale walipaswa kupisha, hilo sioni sababu ya kulililia.

Sasa nataka tusimame kidogo mahali ambapo watu hawasimami. Katika Barabara ya Kenyatta wapo watu watatu wa shaba, waliowekwa mwaka 1928, kazi ya msanii Mwingereza James Alexander Stevenson. Wenzao wako Mombasa na Dar es Salaam, waliotokana na vita vile vile, Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Mmoja wa watatu hao ni askari wa King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya. Lakini mwingine si askari. Ni mpagazi.

Yafaa tumjue mpagazi huyu. Vita vile vilipiganwa nchi isiyo na barabara wala reli za kutosha, na ng'ombe na farasi walikufa kwa ndorobo. Kila risasi, kila gunia la unga na kila sanduku la dawa vilichukuliwa kichwani. Serikali ikaweka sheria mwaka 1915 ya kuwalazimisha vijana kwenda, na machifu wakaagizwa kuwatoa. Mwaka 1917 walikusanywa kwa wingi kuliko wakati wote. Walipelekwa wakiwa na blanketi moja, wakalishwa unga ambao matumbo ya wengi hayakuuzoea, wakalala mvuani. Makumi ya maelfu walikufa, wengi wao si kwa risasi bali kwa kuhara, homa na njaa. Mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia wazazi wala wake zao. Jeshi lao liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na kinywa cha Mwafrika kikaligeuza kuwa Kariokor hapa Nairobi na Kariakoo kule Dar es Salaam. Leo twakwenda Kariokor kununua vyondo na nyama ya kuchoma, na kijana akiulizwa jina hilo lilitoka wapi, hana jibu.

Chini ya sanamu hizo pana maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yaliyotungwa na Rudyard Kipling. Yanawasifu wapagazi kwamba ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Tena yanatoa ahadi kwamba mtu akifa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Basi, mabwana, zungukeni jiwe lile mkatafute. Hamtaona jina hata moja! Waliokuwa na mamlaka ya makaburi ya vita waliamua kwamba wapagazi wa Kiafrika hawahitaji kaburi moja moja wala jina kuandikwa. Halmashauri ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikubali jambo hilo katika taarifa yake ya mwaka 2021, ikaomba radhi. Ilikisia kwamba watu 116,000 kwa uchache, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba hesabu yaweza kufika 350,000.

Nimesikia wenye hoja wakisema kwamba sanamu hizi ni za wakoloni, nazo zingeondolewa pamoja na Delamere. Hoja hiyo ina uzito. Maneno yale yanasema juu ya kupigania nchi, na mtu aweza kuuliza: nchi ya nani, kwa kijana aliyefungwa kamba na askari wa chifu akapelekwa Voi? Walakini mimi sikubali ziondolewe. Delamere alisimama kwa ajili ya wenziwe wachache. Mpagazi ni babu yetu. Maneno yaliyo chini yake ni ya bwana mkubwa, lakini bega ni letu. Tukimwondoa, atakuwa amefukuzwa mara mbili.

Sanamu za baada ya Uhuru zajulikana zaidi, nami nitazipita upesi. Mzee Jomo Kenyatta ameketi uwanjani mwa Jumba la Mikutano tangu mwaka 1973. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Baba wa Taifa alifinyangwa na Mwingereza, James Butler. Dedan Kimathi, mwenye bunduki na kisu, alifunuliwa na Rais Mwai Kibaki tarehe 18 Februari 2007, siku ambayo ilitimia miaka 50 tangu aliponyongwa, na aliyemfanyiza ni Mkenya, Kevin Oduor. Kaburi la Kimathi halijulikani, kwa hiyo jiwe lile la mjini ndilo mahali ambapo jamaa na wananchi waweza kuweka shada la maua. Tom Mboya, aliyepigwa risasi tarehe 5 Julai 1969, amesimama tangu mwaka 2011 karibu na mahali alipoangukia.

Lakini iliyo bora, kwa maoni yangu, iko pembeni, katika bustani ya Uhuru Park. Bustani hiyo ilikaribia kupotea. Mwaka 1989 ilikusudiwa kujengwa humo jumba la orofa 60 pamoja na sanamu kubwa ya Rais wa wakati ule, na Bibi Wangari Maathai akapinga, akatukanwa sana, lakini jumba halikujengwa. Mwaka 1992 akina mama wa wafungwa wa siasa waliketi pembe ya bustani hiyo bila kula, wakidai watoto wao, wakapigwa na polisi. Pembe hiyo ikaitwa Freedom Corner. Hapo ndipo mwaka 2015 ulipofunuliwa ukumbusho wa Mau Mau, kwa fedha za Serikali ya Uingereza, baada ya kukubali mwaka 2013 kuwalipa wazee zaidi ya 5,000 walioteswa. Mwanamke anampa mpiganaji chakula, na wawili hao hawatazamani usoni. Kila mmoja amegeuza uso, ili akikamatwa na kuulizwa, asiweze kumtambua mwenziwe. Hakuna jemadari hapo. Kuna mama mwenye kikapu, naye pia hana jina. Kazi hiyo nayo ni ya mikono ya Oduor. Mtu aliyeyajua mambo ya vijijini mwaka 1953 haelezwi maana yake.

Basi haja yangu kwenu ni moja. Kando ya watu watatu wa Barabara ya Kenyatta liwekwe bamba jipya, bila kuyafuta maneno ya zamani, lieleze kwa Kiswahili sahihi jinsi wapagazi walivyochukuliwa, walivyokufa, na kwamba wengi hawakulipwa. Nanyi walimu, waagizeni watoto wakaulize nyumbani. Ziko familia huko Nyanza, Ukambani, Kiambu na pwani ambazo bado zinalo jina la babu au kaka wa babu aliyekwenda Kariokor asirudi. Jina, kijiji, na jina la baba yake: hayo matatu yatosha kwa kuanzia. Yaandikeni katika daftari la shule kabla wenye kuyajua hawajaondoka.